Nyati Anatajwa, Matapishi Hayatajwi: Nadharia ya Mwelekeo wa Kiongozi Ikipanda Mlima Meru

Leo tunaichukua nadharia moja ya saikolojia ya kazini, tunaivisha buti na koti zito, tunaipandisha Mlima Meru. Tuone kama itafika kileleni au itaishia Miriakamba.

Nadharia hii huenda umeshakutana nayo bila kujua jina lake. Ukikaa kwenye semina ya uongozi, ya serikali au ya kampuni binafsi, hutakosa kusikia kauli ya aina hii: kiongozi aangalie fursa, asiangalie vikwazo, akiwa na maono timu itafunguka, akiwa na hofu timu itajifunga. Inasikika vizuri. Watu wanapiga makofi, chai inaletwa. Lakini je, ni kweli?

Tuanze na chanzo. Mwaka 1997 mwanasaikolojia E. Tory Higgins wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alichapisha makala iliyosema kwamba haitoshi kusema binadamu anakimbilia raha na kukimbia maumivu. Kuna njia mbili tofauti za kuyafuata mambo mema. Ya kwanza tuiite mwelekeo wa kupata: macho yako kwenye matumaini, kwenye kile kitakachoongezeka. Ya pili tuiite mwelekeo wa kujilinda: macho yako kwenye wajibu, kwenye kile kisichotakiwa kupotea. Fikiria madereva wawili wa bodaboda wanaotoka Kilombero kwenda Tengeru. Mmoja njia nzima anahesabu abiria watakaofuata. Mwenzake anahesabu mashimo na malori. Wote wanataka jioni wafike nyumbani na hela mfukoni, ila kinachowashika macho si kimoja.

Hapa naomba tumtendee haki Higgins. Hakusema mwelekeo mmoja ni mzuri na mwingine mbaya. Watafiti wa uongozi waliokuja baadaye ndio walioubeba mgawanyo huu mpaka maofisini, na wengi wao wakaegemea upande mmoja: bosi mwenye mwelekeo wa kupata anawafanya watu wajaribu, waulize, wagawane ujuzi, bosi mwenye mwelekeo wa kujilinda anawafanya watu waogope kukosea, na mtu anayeogopa kukosea anakaa na alijualo.

Na kukaa na ujualo kuna namna zake. Mwaka 2012 Catherine Connelly na wenzake walizipanga katika mafungu matatu ambayo wewe mfanyakazi utayatambua mara moja. La kwanza ni kukwepa: “nitakutumia kesho,” na kesho haifiki. La pili ni kujifanya hujui, wakati unajua kabisa. La tatu ni kutoa sababu: “ningekueleza, lakini hiyo ni siri ya idara.” Hakuna kati ya haya linalohitaji mtu agombane na bosi. Yote yanafanyika kwa adabu, na “shikamoo” juu.

Nadharia inapogusa ukweli

Kabla ya kuikosoa, tukubali inachokipatia. Umakini wa mtu una kikomo. Kiongozi hawezi kutazama kila kitu, na walio chini yake wanajua vizuri sana anatazama wapi. Hawasomi hotuba yake. Wanasoma swali lake la kwanza asubuhi. Akiuliza “tumeuza ngapi?” wataleta mauzo. Akiuliza “nani kachelewa?” watafika mapema, hata kama wakishafika hawana la kufanya.

Mfano mzuri tunao hapahapa Tanzania, na karibu kila mpenzi wa fizikia anaujua nusu. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa wa moto umeganda kabla ya uliopoa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jina la Mpemba likatangulia. Wanafizikia wanabishana kuhusu jambo hilo mpaka leo.

Nusu isiyosimuliwa sana ni ya fundi wa maabara. Osborne aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi apime. Fundi akaleta taarifa: ni kweli, maji yaliyoanza yakiwa ya moto yaliganda kwanza. Kisha akaongeza ahadi kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi.

Hebu ikalie kidogo hiyo. Fundi anao ujuzi mkononi. Amepima mwenyewe, ameona mwenyewe. Lakini anauleta kama kosa linalosubiri kurekebishwa, kwa sababu anadhani mkubwa anatazamia jibu jingine. Kilichouokoa ujuzi ule ni kwamba Osborne alikuwa anatazama swali, hakuwa anatazama jibu alilolizoea. Kwa hiyo ndiyo, macho ya kiongozi yana nguvu. Ugomvi wangu na nadharia uko kwingine.

Sasa twende mlimani

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,560, na geti la Momella, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, liko kwenye mita 1,500 hivi. Safari ya kawaida ni ya siku tatu au nne. Usiku wa kwanza watu wanalala Miriakamba, kama mita 2,500. Usiku wa pili wanalala Saddle, zaidi ya mita 3,500. Kisha saa 7 au saa 8 usiku wanaamka kwenda kileleni. Ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku. Piga hesabu mwenyewe: kutoka kibanda cha kwanza hadi cha pili ni kama mita 1,000. Ni mlima mfupi kuliko Kilimanjaro, lakini unapanda kwa haraka.

Ndiyo maana dalili za mwanzo za ugonjwa wa mwinuko ni taarifa ya thamani: kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Mtu akianza kuyumba kama mlevi hapo si taarifa tena, ni dharura, anatakiwa kuteremshwa.

Nani anaziona dalili hizi kwanza? Fikiria timu yenyewe. Muongozaji mkuu anatembea na wageni, na mgeni anajua namna ya kumjibu: “niko vizuri.” Amelipa hela nyingi na hataki kurudishwa. Mpishi ndiye anayeiona sahani iliyorudi na chakula chote. Mpagazi, au mgumu kama wanavyoitana wenyewe, ndiye aliyelala karibu na kibanda na kusikia mtu akitapika saa 5 usiku. Ujuzi unaoweza kuokoa maisha uko kwa watu wa mshahara wa chini kabisa, wanaotembea mbele au nyuma ya kundi, wasioketi mezani na wageni.

Sasa ongeza jambo linaloutofautisha Meru na Kilimanjaro. Kwa sababu ya nyati na wanyama wengine, kila kundi linasindikizwa na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Kwa hiyo kundi lina vichwa viwili. Muongozaji anatazama kilele: wageni wafike, wafurahi, kampuni ipate sifa. Askari anatazama kichaka: asiumie mtu. Ukimpa Higgins timu hii, angekuambia mmoja ana mwelekeo wa kupata na mwingine ana mwelekeo wa kujilinda.

Tukiifuata nadharia jinsi inavyofundishwa semina, taarifa zimiminike kwa muongozaji na zikauke kwa askari. Lakini fikiria kidogo tu. Kuna mpagazi atakayeona nyati njiani halafu akanyamaza? Hakuna. Atasema, tena kwa sauti, na askari atamsikiliza bila kuuliza cheo chake. Mpagazi huyohuyo, usiku uleule, anaweza kusikia mgeni akitapika na asiseme kitu mpaka asubuhi, au asiseme kabisa.

Mtu ni yuleyule, na ujuzi wote ni wa hatari. Kwa nini nyati anatajwa na matapishi hayatajwi?

Jibu langu ni hili: habari ya nyati haimgharimu mtu, habari ya matapishi ina gharama. Nyati akitajwa, kundi linasimama dakika kumi, linaendelea. Matapishi yakitajwa, huenda mgeni akateremshwa. Mgeni akiteremshwa bila kufika, bahasha ya tipu inaweza kupungua, na tipu hiyo ni sehemu kubwa ya kipato cha safari. Muongozaji anaweza kuuliza, “nani kakutuma umwambie?” Na safari ijayo orodha ya wapagazi inaandikwa na nani? Na muongozaji huyohuyo, au na kampuni inayomsikiliza yeye.

Hapo ndipo nadharia inapokosa pumzi. Inauliza kiongozi anatazama juu au chini. Swali la kuuliza ni habari mbaya ikifika, inamgharimu nani: aliyeileta, au aliyeipokea?

Kilele na kaburi

Usidhani nimeuchagua mlima ili kumwonea Higgins. Kuna utafiti unaohusu jambo hilihili. Mwaka 2015 Eric Anicich, Roderick Swaab na Adam Galinsky walichambua kumbukumbu za wapandaji 30,625 waliokwenda Himalaya katika misafara 5,104, kutoka nchi 56. Walitaka kujua kama utamaduni wa kumtii mkubwa una athari. Waligundua mambo mawili kwa pamoja. Misafara kutoka nchi zenye ngazi kali za ukubwa na udogo ilifikisha watu wengi zaidi kileleni. Na misafara hiyohiyo ilipoteza watu wengi zaidi kwa vifo. Kwa waliopanda peke yao, tofauti hiyo haikuonekana. Maana yake tatizo halikuwa kwenye miguu wala mapafu ya watu wa nchi hizo. Lilikuwa kwenye kundi.

Maelezo ya watafiti ni kwamba ngazi zinaleta mpangilio, kila mtu anajua nafasi yake, kundi linasonga kwa haraka. Lakini aliye chini anayeona hatari anabaki nayo moyoni. Kinachowafikisha ndicho kinachowanyamazisha.

Na huu utafiti nao tusiumeze mzima. Kumbukumbu zile zinahesabu waliofika na waliokufa. Hazikurekodi maneno yaliyosemwa hemani. Na nchi si kiongozi: ndani ya nchi moja kuna wakubwa wa kila aina. Hata hivyo unatuonya juu ya jambo ambalo semina zetu hazilisemi. Macho yanayokazia mafanikio peke yake yanaweza kuleta mafanikio na kuuficha ujuzi, yote kwa wakati mmoja. Ukipima timu kwa idadi ya waliofika kileleni, hutaona kilichofichwa mpaka siku itakapokuwa umechelewa.

Ulinganishe na alichokikuta Amy Edmondson kwenye wadi za hospitali za Marekani miaka ya 1990. Alitarajia timu zenye uongozi mzuri ziwe na makosa machache ya dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume: zilikuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba hazikuwa zinakosea zaidi, ila zilikuwa zinasema zaidi. Wauguzi wa wadi kazi yao yote ni kujilinda: dozi isizidi, mgonjwa asichanganywe. Mwelekeo ni wa kujilinda mpaka kwenye mfupa, na bado ujuzi ulitembea pale ambapo mwenye kusema hakuumizwa.

Macho hayako kichwani tu

Mwaka uleule wa 1997 aliochapisha Higgins, William Ocasio naye alichapisha makala kuhusu umakini ndani ya makampuni. Yeye hakuuliza kiongozi ana tabia gani. Aliuliza umakini unaelekezwa na nini: na vikao, fomu, ripoti, nani anaalikwa, nini kinaandikwa kwenye ajenda. Kwa mtazamo wake, mtu hatazami anachotaka tu. Anatazama kile ambacho mpangilio wa kazi unamwekea mbele ya macho.

Mimi nasimama na Ocasio, lakini kwa sharti, na sharti hilo historia yetu inalijua. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilitoa Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 ulioanzisha mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika. Mpangilio ulikuwepo: kikao, wajumbe, ajenda. Lakini baraza lilikuwa la kushauri, na uamuzi ulibaki kwa menejimenti. Mwaka 1971 ulipotoka Mwongozo wa TANU, uliowakataza viongozi majivuno na ubwana, migomo iliibuka viwandani miaka iliyofuata, na mingi haikuwa ya mishahara peke yake. Watu walilalamikia jinsi wanavyotendewa na wakubwa wao. Yaani mlango ulikuwepo, ila aliyekaa ndani hakugeuza shingo.

Kwa hiyo tabia ya bosi bila mpangilio haitoshi, na mpangilio bila bosi anayesikiliza hautoshi. Nadharia inayotazama kichwa cha kiongozi tu inaona nusu ya jambo. Na tafiti zinazoiunga mkono zina udhaifu wa kupimia: nyingi ni dodoso ambapo mfanyakazi yuleyule anajaza bosi wake yukoje na yeye mwenyewe anagawana ujuzi kiasi gani. Anayempenda bosi wake atampa alama nzuri na atajipa alama nzuri. Hapo umepima mapenzi, au umepima ujuzi uliotembea? Halafu tafiti hizo zinafanyika sana kwa watu wa ofisini wenye mkataba na mshahara wa mwezi. Mgumu wa Momella anayelipwa kwa safari hajajaza dodoso lile.

Basi tufanye nini?

Ningekuwa na kampuni ya kupandisha watalii, nisingempeleka muongozaji wangu semina ya maono. Ningebadilisha mambo matatu, na hakuna hata moja linalodai mtu azaliwe upya.

Kwanza, swali. Kila jioni, kabla ya muongozaji kwenda kuongea na wageni, akae na mpishi na wapagazi na aulize: “nani hajala, nani mmemsikia usiku, nani anatembea vibaya?” Aulize kwa jina la kila mgeni. Swali la jumla, “kuna tatizo?”, lina jibu moja tu nchini kwetu: “hakuna, bosi.”

Pili, hela. Malipo ya wapagazi yasitegemee kilele. Mgeni aelezwe mapema kwamba timu iliyomrudisha salama imefanya kazi ileile, pengine ngumu zaidi. Habari mbaya isipomkata mtu mlo, itasemwa.

Tatu, jina. Taarifa ikitumika, aliyeileta atajwe mbele ya wenzake. Osborne aliandika “Mpemba” kwanza, hakupungukiwa kitu.

Na usidhani haya ni ya mlimani tu. Maabara ya chuo, duka la spea, zahanati, shamba la kahawa, karakana ya magari ya safari: kila mahali kuna anayeiona sahani iliyorudi imejaa. Sisi wanafunzi wa shahada za juu tunalijua hili vizuri. Fundi wa maabara anajua mashine ipi inadanganya kabla ya profesa kujua, na mara nyingi hakuna kikao ambacho yeye anaalikwa kusema hivyo.

Hukumu yangu, basi. Nadharia ya mwelekeo ni taa nzuri ya kumtazama mtu mmoja, na Higgins aliiwasha kwa uangalifu kuliko waliomfuata. Kama maelezo ya kwa nini timu inasema au inanyamaza, imeishia Miriakamba: si aibu, lakini kilele bado. Haijaeleza kwa nini mdomo mmoja unamtaja nyati na kuyaficha matapishi.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Kwa kawaida tunaitumia kumfariji mkubwa aliyesemwa vibaya, kwamba avumilie. Lakini ifikirie kama maelezo ya kazi. Jalala halichagui takataka, na halimwadhibu aliyekuja kumwaga. Wiki hii, ukiwa kazini, sikiliza swali la kwanza la bosi wako. Na kama bosi ni wewe, hesabu ni habari ngapi mbaya ulizoletewa tangu Jumatatu. Kama ni sifuri, usifurahi bado. Nenda kamuulize mpishi.